Boksi la sabufa kwa gari ndogo: lipi ununue, lipi uachane nalo

Watu wengi wakienda Kariakoo kununua mziki wa gari wanaulizia sabufa kwanza, boksi na waya wanavikumbuka hela ishabaki ya nauli. Mi nasema geuza. Sabufa ya kawaida ikikaa kwenye boksi lililopimwa inaiaibisha ile ya bei mbaya iliyotupiwa kwenye boksi la kubahatisha. Kwa IST, Vitz na wenzake mi nazipanga hivi.

Namba moja ni boksi lililozibwa, la kuchongesha. MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa) ya milimita 18, ndani lita 28 mpaka 35 kwa sabufa moja ya inchi 12, ya inchi 10 lita 17 mpaka 22, ila karatasi iliyokuja na sabufa ndo yenye neno la mwisho. Maseremala wa Keko wanachonga makabati kila siku, boksi haliwashindi, we simamia gundi ya mbao na skrubu kila ungio alafu silikoni kwenye kona zote kwa ndani. Likishafungwa, sukuma koni ya sabufa, ule uso wake unaotikisika, taratibu kwa vidole vya mikono miwili: ikirudi polepole boksi limeziba, ikirudi fasta au ukasikia hewa inapuliza, mrudishie fundi. Besi yake ni kavu, na kama unasikiliza singeli hapa ndo pako, zile kiki zinazokimbizana unazisikia moja moja.

Namba mbili, boksi lenye bomba la kupitishia hewa. Kwa wati zilezile linapiga kwa nguvu zaidi, na ile besi ya log drum ya amapiano inakukaa kifuani kabisa, sema linakula lita 50 mpaka 60 kwa inchi 12 yani buti la IST ndo basi tena, na urefu wa bomba lazima upigiwe hesabu, wengi wanalenga bomba liitikie kwenye hetzi 32 mpaka 38. Chini ya hapo hewa haiishiki koni tena, inarukaruka mpaka inakufa, kwahiyo kwenye amplifaya washa filta ya subsonic, ile inayokata sauti za chini kupita kiasi. Fundi akikwambia bomba tutakadiria tu, rudi namba moja.

Namba tatu ni zile sabufa bapa za chini ya siti zenye amplifaya humohumo. Kama gari ni ya familia au unabeba abiria wenye mabegi, chukua hii, ila usitegemee vioo vitikisike.

Mkiani kabisa kuna maboksi ya dukani ya chipubodi yaliyovalishwa kapeti zuri. Ligonge na ngumi, likilia kama debe liache hapohapo. Yale yenye kioo na taa za rangi ni mapambo tu.

Sasa waya, huku ndo watu wanapigwa. Paketi imeandikwa geji 4 (geji ni unene wa waya, namba ikiwa ndogo ndo waya mnene), ndani mpira mnene waya kiduchu, tena ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Omba kipande, kwangua na kisu, ukiona nyeupe ndani sio shaba tupu, na aluminiamu inapitisha umeme kama asilimia 60 tu ya shaba, kwahiyo ukilazimika panda saizi. Shaba ya geji 8 inatosha mpaka wati 300 za RMS (zile za kweli inazotoa mfululizo), geji 4 mpaka kama 600.

Na wati zilizoandikwa kwenye amplifaya usizisome, angalia fyuzi pembeni. Imeandikwa 2000 alafu ina fyuzi moja ya ampea 30? Zidisha kwa volti 13, zinaingia wati 390, nyingine zinaishia kuwa joto, zinazotoka ni kama 300.

Koili nazo, ule waya uliozungushwa nyuma ya koni, uliza zina omu (ukinzani wa umeme) ngapi kabla hujalipa. Sabufa ya koili mbili za omu 4, ukiunga chanya na chanya, hasi na hasi, inakuwa omu 2, ukiziunga mfululizo inakuwa 8. Amplifaya inayoishia omu 2 ukiibebesha omu 1 itakuwashia taa nyekundu na kuzima, au iungue kabisa.

Kwenye kufunga, fyuzi kubwa ikae ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye betri, sio kule nyuma kwenye amplifaya, maana waya ukichunika njiani na kugusa bodi, fyuzi ya nyuma haikusaidii kitu, gari inawaka. Waya wa hasi uwe mfupi, unene uleule, na pale unapoufunga kwenye bodi rangi ikwanguliwe mpaka bati ling'ae. Wenye Prius zile ambazo betri ya volti 12 iko hukohuko nyuma nyie mna bahati, waya wa mita moja au mbili unawatosha, hiyo hela ya ziada ongezeeni kwenye MDF.