Siku nne kabla ya mtihani wa AP wa Serikali ya Marekani: kilichonivusha na kilichonipotezea muda

Zilibaki siku nne kabla ya mtihani wa AP (masomo ya kiwango cha chuo yanayosomwa sekondari Marekani) wa Serikali na Siasa za Marekani, nami daftari la somo hilo sikuwa nimelifungua tangu Machi. Nilikuwa na masomo mengine mawili ya AP yaliyonitoa jasho, na hili nikaliweka kando kwa sababu darasani lilikuwa linanielea. Ikabidi nisome kwa zimamoto. Nilitegemea vitu viwili: kozi ya marudio ya video niliyoilipia dola 35, na maswali ya kujieleza ya miaka iliyopita ambayo College Board, shirika linaloandaa mtihani huu, huyaweka bure kwenye tovuti yake, pamoja na miongozo ya kusahihisha. Ningejua mapema, ningeanza na hayo maswali.

Kozi ile sitaitaja jina. Mfundishaji anazungumza vizuri, picha zinavutia, na ukimsikiliza unajiona umeelewa kila kitu. Tatizo nililigundua jioni ya siku ya pili. Nilikuwa nimekariri kesi 15 za Mahakama ya Juu kama nilivyoelekezwa, Roe v. Wade, ile ya haki ya kutoa mimba, ikiwemo. Nilipofungua orodha rasmi ya somo nikakuta kesi za lazima ni 14. Roe iliondolewa baada ya Mahakama kuitengua mwaka 2022 katika kesi ya Dobbs. Kozi inayouzwa kwa jina la marudio ya dharura haipaswi kumfundisha mwanafunzi kwa orodha iliyopitwa na wakati, maana mtu wa dharura hana muda wa kuhakiki. Tena kozi iligawa saa sawasawa kwa sehemu zote tano za somo, wakati kwenye maswali ya kuchagua sehemu ya mihimili ya serikali peke yake hubeba asilimia 25 hadi 36, na ile ya itikadi na maoni ya wananchi asilimia 10 hadi 15.

Dada yangu, aliyeufanya mtihani huu kabla yangu, aliniona nikihangaika akaniambia, "Zima video. Chukua swali la zamani, andika jibu, halafu ujisahihishe kama vile humjui aliyeandika."

Mtihani wenyewe uko hivi: maswali 55 ya kuchagua kwa dakika 80, nusu ya alama; kisha maswali manne ya kujieleza kwa dakika 100, nusu iliyobaki. Kwa hiyo maswali manne tu yana uzito sawa na yale 55, na kwa siku chache hapo ndipo unapoweza kupanda haraka, kwa kuwa muundo wake haubadiliki. La kwanza hukupa tukio ulitumie kueleza dhana, la pili grafu au jedwali, la tatu hulinganisha kesi, la nne ni insha ya hoja.

Jibu langu la kwanza nililisahihisha nikajipa alama 1 kati ya 3. Niliumia, kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa kweli. Mwongozo ndio ulionionyesha kasoro: nilikuwa nimeeleza mamlaka ya Kongresi kwa jumla bila kuyafunga na tukio lililotajwa kwenye swali. Swali likitaka ufafanue, kutaja hakutoshi. Lazima sentensi yako iseme kwa nini jambo moja linazaa lingine. Hilo video haikuwahi kunifundisha kwa saa zote zile, na mwongozo wa kurasa chache ulinifundisha kwa robo saa. Chini yake kuna majibu halisi ya wanafunzi, la juu, la kati na la chini, na maelezo kwa nini kila moja lilipata au lilikosa alama. Ningeombwa nichague kitu kimoja tu kwenye tovuti nzima, ningechagua hayo maelezo.

Usiku wa siku ya tatu niliandika kesi zote 14 bila kuangalia popote, na kwa kila moja nikajilazimisha kutaja kifungu cha Katiba kilichoamua. Nilikuwa nazichanganya mbili za dini. Engel v. Vitale ya 1962 inahusu sala iliyotungwa na mamlaka ya serikali kwa ajili ya shule za umma, na kifungu chake ni kile kinachokataza serikali kuanzisha dini. Wisconsin v. Yoder ya 1972 inahusu familia za Waamish zilizokataa kupeleka watoto shule baada ya darasa la nane, na hapo kifungu ni uhuru wa kuabudu. Vyote viwili vimo katika Marekebisho ya Kwanza ya Katiba, lakini kwenye swali la tatu ukitaja kimoja mahali pa kingine alama ya kwanza imeondoka, na ufafanuzi unaofuata unayumba. Za bunduki pia zilinisumbua. United States v. Lopez ya 1995 ina bunduki shuleni ndani yake, ila haikuamuliwa kwa Marekebisho ya Pili, yale ya haki ya kumiliki silaha, hata kidogo. Suala lilikuwa mipaka ya Kongresi katika kudhibiti biashara kati ya majimbo. McDonald v. Chicago ya 2010 ndiyo iliyoyafanya Marekebisho ya Pili yayabane majimbo kupitia Marekebisho ya 14.

Insha ina alama 6, na moja inatolewa kwa kujibu hoja ya upande wa pili. Nyaraka za msingi ziko tisa, na nilizisoma kwa jozi zinazogombana, mfano makala mbili za enzi ya mjadala wa kuipitisha Katiba: Brutus Na. 1 anayeogopa kwamba jamhuri kubwa itameza uhuru wa watu, dhidi ya Federalist Na. 10 ya Madison inayosema ukubwa huo ndio utakaoyadhibiti makundi yenye masilahi yake. Ukizisoma hivyo, hoja ya upinzani unayo tayari mkononi.

Maswali haya ya bure yana upungufu wake. Muundo wa sasa ulianza na mtihani wa 2019, kwa hiyo yaliyotangulia hayafanani nao, na mtu mwenye haraka anaweza kuyachukua bila kujua. Majibu mengi ya mfano ni mwandiko wa kalamu uliopigwa picha, mengine yanasomeka kwa taabu. Mtihani sasa unafanywa kwenye kompyuta kupitia programu ya Bluebook, hivyo yangu niliyaandika kwa kibodi. Kwa maswali ya kuchagua hayakusaidii. Hapo nilimwomba mwalimu anifungulie mazoezi ya AP Classroom, jukwaa la College Board la mtandaoni, na palipokuwa na giza nikapitia masomo ya tovuti ya Khan Academy, nayo ni ya bure.

Matokeo yalitoka Julai: nilipata 4 kati ya 5. Swali la pili lililonipa hofu zaidi ndilo nililomaliza mapema, kwa kuwa grafu yenyewe huwa na jibu la sehemu ya kwanza. Kozi ya video niliwaandikia nikiwaonyesha ile kesi ya 15 na kuomba pesa yangu, hawakunijibu.

Kama umebakiza jioni moja tu, fungua swali la tatu la mwaka wowote kuanzia 2019, weka saa dakika 20, andika, kisha usome mwongozo mstari kwa mstari. Baada ya hapo fanya insha moja kwa dakika 40, ukalale.