Piranha au Mkunga wa Umeme: Yupi wa Kuogopwa Zaidi?
Sisi wa Malindi tumefunzwa na mto Sabaki: magharibi ikiingia, ondoka ukingoni, viboko wanapanda kula majani. Basi kijana mmoja pale pwani wanaposhusha samaki aliponiuliza, kati ya piranha na mkunga wa umeme wa mto Amazon ni yupi hatari, sikusita: mkunga.

Piranha ana jina kubwa kuliko kiwiliwili. Yule mwenye tumbo jekundu ni wa sentimita 30 hivi, kama tasi mkubwa. Meno ni wembe, sikatai, na mvuvi anayemtoa ndoanani achunge vidole. Lakini chakula chake ni samaki wenziwe, mizoga, hata mbegu. Hutisha hasa kiangazi, maji yakipungua na njaa ikiwabana.

Mkunga wa umeme ni habari nyingine. Kwanza si mkunga. Udugu wake uko karibu na kambare. Hufika mita 2, na hupanda juu kuvuta hewa kwa mdomo. Mwaka 2019 wataalamu walitangaza aina mpya, Electrophorus voltai, na mmoja alipimwa volti 860. Soketi ya nyumbani kwako ni 240! Mpigo wenyewe ni wa kufumba na kufumbua, na si rahisi uue mtu mzima. Ila ukikukaza misuli, unaweza kuzama kwenye maji ya kiunoni.

Piranha, wenyeji humtia mchuzini. Yule mwingine simsogelei hata kwa mkuki. Mkuki ni chuma, ati.