Uzoefu wangu na oili sili zinazostahimili joto katika Land Cruiser ya zamani tuliyoigeuza kuwa gari la kulala

Gari ninalolizungumzia ni Toyota Land Cruiser HZJ75 ya mwaka 1994, yenye injini ya dizeli ya 1HZ, silinda sita kwenye mstari mmoja, sentimita za ujazo 4,164. Tuliondoa viti vyote vya nyuma, tukaweka kitanda, jiko la gesi, tangi la maji la lita 80 na makabati ya mbao, kisha fundi wa bodi akainua paa ili mtu aweze kusimama ndani. Mimi na mke wangu tunaishi Arusha, na kila tukipata nafasi tunalala humo: Karatu, Ziwa Eyasi, Ziwa Natron, na mara moja kwa mwaka tunashuka hadi Pangani. Gari limekuwa zito kuliko lilivyotoka kiwandani, na uzito huo wote injini inaubeba mlimani.

Tatizo lilijitokeza kwa namna ambayo wenye magari ya umri huu wanaifahamu. Asubuhi nilikuta doa jeusi la oili chini ya gari, mahali injini inapoungana na gia boksi. Nikaanza kutandika kipande cha kadibodi kila usiku na kuhesabu matone. Wiki ya kwanza yalikuwa matatu au manne. Baada ya mwezi mmoja kadibodi ilikuwa imelowa kiasi cha kiganja. Nilinusa oili ile kabla ya kumlaumu mtu yeyote, kwa sababu oili ya gia ina harufu kali ya kiberiti na haiwi nyeusi kama ya injini ya dizeli. Ilikuwa ya injini, na kwa kuwa ilitoka nyuma, sehemu ya kutiliwa shaka ilikuwa sili ya nyuma ya krenki shafti, yaani pete ya mpira inayozuia oili isivuje pale mhimili mkuu wa injini unapotokea.

Mara ya kwanza nilikosea, na kosa lenyewe lilikuwa la kununua. Nilikwenda kwenye duka moja la spea, nikataja aina ya injini, nikapewa sili kwa Sh 18,000. Nilitazama boksi lililoandikwa kwa rangi nzuri, nikalipa. Kuifunga kulitaka gia boksi ishuke pamoja na transifa, klachi itolewe na flaiwili ifunguliwe, kazi ya siku mbili ambayo gharama yake ilikuwa zaidi ya mara kumi ya bei ya sili. Baada ya miezi minane na kilomita 9,000 hivi, tukiwa tunarudi kutoka Engaresero, tukapandisha ukuta wa Bonde la Ufa kutoka Mto wa Mbu kwa gia ya pili, nikasikia injini inapanda mzunguko bila gari kuongeza mwendo. Oili ilikuwa imefika kwenye klachi na klachi ilikuwa inateleza. Tulifika Karatu usiku, kwa mwendo wa kutembea, na nilikuwa na uchungu mkubwa, maana kazi ile ile ya siku mbili ilikuwa inanisubiri tena, safari hii pamoja na sahani mpya ya klachi.

Fundi aliponitolea sili ile, nilikaa nayo mkononi muda mrefu. Mdomo wake, yaani ule ukingo mwembamba unaoegemea krenki, ulikuwa umekakamaa kama kifuniko cha chupa. Nilipoukunja kwa kidole gumba ulitoa mlio mdogo ukapasuka, na ndani yake kulikuwa na ganda jeusi la oili iliyoungua. Upande wa ndani, nilipousafisha kwa dizeli, zilisomeka herufi tatu zilizochongwa kwenye mpira: NBR. Herufi hizo zilikuwa pale tangu siku niliyoinunua, nami sikuzisoma.

NBR ni mpira wa naitraili. Ni mpira mzuri, wa bei nafuu, unaovumilia oili na grisi, na unatumika kwenye sehemu nyingi za gari bila shida yoyote. Lakini joto lake la kudumu ni nyuzi 100 hivi za selisiasi, na 120 kwa muda mfupi. Ukizidishiwa, huendelea kuiva kana kwamba bado uko kiwandani: unakuwa mgumu, unapoteza mnyumbuko, na mdomo hauwezi tena kufuata mitikisiko midogo ya krenki. Nilikuwa nimefunga geji ya joto la oili miezi michache kabla. Kwenye tambarare ya Makuyuni ilisoma kati ya 95 na 102. Kwenye mpando ule wa Mto wa Mbu, gari likiwa na maji, gesi na vyombo vyetu vyote, ilifika 124. Hilo ni joto la oili iliyo kwenye sampu, beseni la oili lililo chini ya injini. Mdomo wa sili huwa na joto zaidi ya hapo, kwa sababu unasuguana na chuma kinachozunguka. Mhimili wenye kipenyo cha milimita 90, ukizunguka mara 3,000 kwa dakika, ukingo wake unapita mdomo wa sili kwa kasi ya mita 14 hivi kwa sekunde. Naitraili haikuwa na nafasi pale.

Kwa hiyo mara ya pili nilianza na aina ya mpira, ndipo nikatafuta duka. Nilikuwa na chaguo nne. Ya kwanza ni ACM, mpira wa akriliki, unaofika nyuzi 150 hivi na ambao watengenezaji wengi wa magari wameutumia kwenye injini. Ya pili ni silikoni, yenye alama ya VMQ au MVQ, ambayo inavumilia joto kubwa na baridi kali pia, lakini ni laini, inachanika kirahisi wakati wa kufunga, na haipatani na oili za gia zenye viambata vikali. Ya tatu ni FKM, ambayo kwenye sili za Ulaya huandikwa FPM, na mafundi wengi wanaiita Viton kwa jina la kibiashara. Hii inafanya kazi hadi nyuzi 200 hivi. Ya nne ni PTFE, ile ambayo jikoni tunaijua kama Teflon, yenye uwezo wa joto kubwa kuliko zote, lakini inataka krenki isiyo na mchubuko hata kidogo, inafungwa kavu bila tone la oili kwenye mdomo, na baada ya kufungwa inaachwa kwa saa kadhaa kabla ya injini kuwashwa ili ijikaze kwenye mhimili.

Niliiacha PTFE kwa sababu ya hali ya krenki yangu, ambayo nitaieleza, na niliiacha silikoni kwa sababu sikutaka mpira laini mahali ambapo nikikosea tena nitashusha gia boksi mara ya tatu. Nikachagua FKM kwa sili ya nyuma. Udhaifu wake mkubwa ni baridi, kwani ikikaribia nyuzi 20 chini ya sifuri huanza kukakamaa, na ndugu zetu wenye magari ya aina hii Skandinavia wana sababu ya kulifikiria hilo. Gari langu halijawahi kukutana na baridi hiyo, hata alfajiri ukingoni mwa Ngorongoro, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari.

Kuipata kulichukua wiki mbili. Nilipigiwa picha sili tano kutoka Nairobi na Dar es Salaam, na kila mara niliomba picha ya mpira wenyewe upande wenye maandishi, siyo ya boksi. Wauzaji wawili walinihakikishia kuwa rangi ya kahawia ndiyo uthibitisho wa Viton. Siyo kweli: kuna FKM nyeusi, na kuna naitraili iliyotiwa rangi ya kahawia. Hatimaye muuzaji mmoja wa Dar es Salaam alinitumia picha iliyoonyesha alama ya NOK, kampuni ya Kijapani, vipimo vitatu vya milimita, yaani kipenyo cha mhimili, kipenyo cha nje na unene, pamoja na herufi FKM. Nililipa Sh 95,000 na ikaja kwa basi siku iliyofuata.

Ilipofika gereji, kijana mmoja alitoa kiberiti ili aijaribu kwa moto, kwa kuwa amesikia kwamba Viton halisi haishiki moto. Nilimzuia, na ninamwomba kila anayesoma hapa amzuie fundi wake. FKM ina florini ndani yake, na ikiungua hutoa haidrojeni floraidi, gesi inayounguza mapafu na inayoweza kupenya ngozi. Vivyo hivyo, ukikuta mabaki ya sili yenye utelezi kwenye injini iliyowahi kushika moto, usiyaguse kwa mikono mitupu.

Krenki ndiyo iliyonitia wasiwasi kuliko sili. Fundi mkuu, mzee aliyeanza kazi hii kabla sijazaliwa, aliipangusa kwa kitambaa kisha akaniambia, "Mwanangu, pitisha ukucha hapa." Ukucha wangu ulikwama. Sili za miaka yote hiyo, pamoja na vumbi, zilikuwa zimechimba mfereji mwembamba kuzunguka chuma chote. Ungefunga sili ya gharama yoyote juu ya mfereji ule, oili ingepita chini ya mdomo. Dawa moja ni kuvisha mhimili pete nyembamba ya chuma cha pua, na SKF hutengeneza za unene wa chini ya nusu milimita kwa kazi hiyo. Mzee alichagua njia rahisi zaidi: aliiingiza sili mpya pungufu ya ile ya zamani kwa milimita moja na nusu, ili mdomo uegemee chuma kisichoguswa bado. Kabla ya hapo alisugua sehemu hiyo kwa msasa laini sana uliozungushwa kama mkanda, bila kuusogeza kushoto wala kulia, maana mikwaruzo ya mshazari hufanya kazi kama skrubu na kusukuma oili nje.

Alinionyesha pia mshale mdogo uliochongwa kwenye sili. Mdomo wake una mistari ya mshazari inayorudisha oili ndani, na mistari hiyo inafanya kazi kwa upande mmoja tu wa mzunguko. Sili yenye vipimo sawasawa lakini yenye mshale wa kinyume itavuja tangu siku ya kwanza. Tulihakikisha mshale unafuata mzunguko wa krenki, upande wenye springi ukatazama oili, mdomo ukapakwa oili safi ya injini, na sili ikaingizwa kwa kugongwa kidogo kidogo juu ya kipande cha mbao bapa hadi ikakaa wima pande zote. Kwa kuwa gia boksi ilikuwa chini, tulibadilisha na sili ya mbele ya gia boksi.

Kuna jambo ambalo nusura tulisahau. Mpira wa kupumulia injini, unaotoka kwenye kifuniko cha valvu kwenda kwenye bomba la hewa, ulikuwa umejaa masizi yaliyochanganyika na oili kiasi kwamba hewa ilipita kwa taabu. Injini isiyopumua hujenga shinikizo ndani ya sampu, na shinikizo hilo hutafuta mahali dhaifu pa kutokea, ambapo mara nyingi ni mdomo wa sili. Kusafisha mpira ule hakukugharimu zaidi ya nusu lita ya petroli. Ninaamini ulichangia kuiua sili ya kwanza, pamoja na joto.

Sili ya mbele ya krenki na ya kamshafti sikuziwekea FKM. Kamshafti, mhimili unaofungua valvu, huzunguka nusu ya kasi ya krenki na ni mwembamba, kwa hiyo sili yake ya zamani niliiacha; kwenye sili ya mbele ya krenki ACM ilitosha kwa hesabu yangu. Hata hivyo nisingekubali naitraili isiyojulikana pale, kwa sababu 1HZ inatumia belti ya taiming, ile inayozungusha kamshafti kutoka kwenye krenki, na oili ikiifikia belti hiyo huilainisha na kuifupishia maisha; belti ikikatika, pistoni na valvu hukutana.

Niliwahi pia kujaribu chupa ya dawa ya kuzuia kuvuja, inayomiminwa ndani ya oili, kabla ya matengenezo ya kwanza. Matone yalipungua kwa wiki mbili, kwa sababu dawa hizo huvimbisha mpira, kisha yakarudi. Sitainunua tena.

Tangu kazi ile ikamilike tumetembea kilomita 14,600. Tumepanda Mto wa Mbu mara sita, tumelala Natron mara mbili katika miezi ya joto, na geji imegusa 126 mara moja. Bado natandika kadibodi. Chini ya maungio ya gia boksi haina doa. Mbele, upande wa kamshafti, ambako sili ni ile ya zamani niliyoiacha kwa kuwa ilionekana bado laini, nimeanza kuona unyevu kidogo unaoshika vumbi. Belti inatakiwa kubadilishwa mwezi ujao, na sili ya ACM ya sehemu hiyo tayari iko kwenye droo ya gari, ndani ya mfuko wake.