Injini ya ndege halisi au ya gari iliyogeuzwa? Lycoming, Rotax, Beetle, Subaru na dizeli ya Mercedes

Kila ikitajwa bei ya Lycoming mpya, injini ya ndege ndogo ya Kimarekani, lazima atokee mtu aseme hicho ni chuma cha miaka ya hamsini, kina kabureta na magneto (kijenereta cha kutengeneza cheche), na kwa hela hiyo unapata injini nne za gari zenye kompyuta na bado chenji inabaki. Sibishi, ni kweli. Lycoming O-360 ina lita 5.9 na inatoa nguvu za farasi 180 tu, yaani gari la lita mbili lenye turbo linaipita vizuri tu. Lakini hesabu ya lita na farasi ndiyo inayopoteza watu, manake propela haina habari na farasi za kwenye karatasi, inachotaka ni mizunguko midogo.

Fanya hesabu mwenyewe. Propela ya kipenyo cha mita 1.9 ikizunguka mara 2700 kwa dakika, ncha zake zinakwenda kama mita 270 kwa sekunde, na sauti inakwenda kama 340. Hapo uko salama. Sasa ifunge moja kwa moja kwenye injini ya gari inayotoa nguvu yake kwenye 5500 uone, ncha zinapita mita 540, zinapiga kelele ya ajabu na kuvuta hazivuti. Ndo maana Lycoming ikawa na masilinda makubwa hivyo, wanataka nguvu yote ipatikane kwenye 2700 bila gia yoyote katikati. Ule unaoitwa ushamba ni mahesabu ya watu waliokaa chini wakafikiri.

Nianze na hiyo basi. O-320 na O-360 nazipenda, na ninachokipenda zaidi ni umeme wake. Kila silinda ina plagi mbili, magneto ziko mbili, kila moja inajizalishia cheche yake, hazihitaji betri. Kabla ya kuruka unaweka ufunguo kwenye magneto moja, mizunguko inashuka kidogo, unarudisha, unajaribu ya pili, inashuka vilevile, basi unajua zote zipo kazini. Na ukiwa angani umeme wote ukakata, redio imekufa, taa zimekufa, injini yenyewe hata haijui, inaendelea tu. Muda wa kawaida wa kuifumua ni masaa 2000 na nyingi zinafika zikitunzwa. Kasoro zipo jamani, tusidanganyane. Uwiano wa hewa na mafuta unaurekebisha mwenyewe kwa mkono, kabureta inaweza kushika barafu hata siku isiyo na baridi kali hivyo lazima ukumbuke kuvuta hewa ya moto, na kemshafti (shafti yenye kemu za kufungua vali) imekaa juu ya krankshafti (shafti kuu inayozungushwa na pistoni), kwa hiyo ndege ikilala wiki na wiki oili yote inachuruzika chini na zile kemu zinaanza kutu. Injini hii inaharibiwa na kukaa kuliko kuruka, ukiona tangazo la Lycoming ya masaa machache ila ya miaka mingi usifurahi haraka. Nne na nusu kati ya tano.

Rotax 912 ndo inayowachanganya wanaosema gia ni dhambi kwenye ndege. Hii ya farasi 100 ina lita 1.35 tu, inazunguka mpaka 5800, halafu giaboksi ya uwiano wa 2.43 inashusha propela iwe karibu 2400. Kampuni yenyewe ilijulikana kwa injini za magari ya theluji, na zile za stroki mbili za zamani kwenye ndege nyepesi zilikuwa na ukoo huo, lakini 912 ilichorwa kwa ajili ya ndege, giaboksi na injini vilizaliwa pamoja na ndani yake kuna kitu cha kumeza mitikisiko. Plagi mbili kwa silinda, saketi mbili za cheche zinazojitegemea bila betri. Inakunywa petroli ya kawaida ya gari, ile ya ndege yenye risasi haiipendi kabisa. Kuna kale kashughuli ka kuzungusha propela kwa mkono kabla ya kupima oili, unazungusha, unazungusha, mpaka usikie tenki linabweua, hapo ndo oili imerudi yote kwenye tenki na kipimo kinasema ukweli. Wavivu wanaruka hii hatua halafu wanajaza oili kupita kiasi. Kabureta mbili zinataka kulinganishwa mara kwa mara, zikipishana utasikia mtetemo mpaka kwenye kiti. Tano kamili kwa ndege nyepesi, mi sioni mpinzani.

Sasa tuje kwa za magari. Volkswagen ya Beetle imerusha ndege nyingi sana na sababu iko wazi, inapozwa kwa hewa, masilinda yamelala, ni nyepesi, na unaweza kuifunga propela moja kwa moja. Ila lazima izunguke 3000 na zaidi, kwa hiyo propela inakuwa fupi, na fupi haivuti vizuri ndege ikiwa taratibu, yaani wakati wa kupaa ambapo ndo unaihitaji. Na vichwa vya silinda vinachemka, havikuchorwa kubeba mzigo mkubwa mfululizo. Ukiidai farasi 60 mtaelewana, wale wanaoipanua na kuidai 80 muda wote ndo wanaobadilisha vichwa kila mara. Tatu na nusu, kwa ndege ya mtu mmoja.

Kuna mtu atasema mbona Pietenpol, yule Mmarekani aliyejiundia ndege, alirusha Air Camper yake kwa injini ya Ford Model A toka 1929? Ndiyo, na iliwezekana kwa sababu Model A ilitoa farasi zake 40 kwenye 2200! Ilikuwa gari lakini ilizunguka kama ndege. Magari ya leo hayako hivyo. Baadaye yeye huyohuyo akahamia injini ya gari la Chevrolet Corvair, nayo inaruka vizuri, ila walipoanza kuipandisha nguvu na kuipa ndege za kasi krankshafti zikaanza kukatika, maana kwenye gari haikuwahi kubeba propela inayoyumbisha mwisho wa shafti, mpaka wakaongezea beringi ya tano mbele.

Subaru ndo yenye ubishi. Injini yenyewe nzuri, block haina neno, na mashabiki wake hapo wako sahihi. Tatizo linaanzia pale injini inapoishia. Kila silinda ikiwaka inaisukuma krankshafti kwa kishindo, kwenye gari kishindo hicho kinamezwa na springi za klachi, raba na matairi, kwenye ndege upande wa pili kuna propela nzito inayogoma kubadilisha mwendo, katikati kuna meno ya gia, na ukikuta mzunguko ambao mitikisiko inapokezana basi meno yanapondwa. Nimewahi kushika sumaku iliyotolewa kwenye giaboksi moja ya aina hiyo, ilikuwa imevaa ndevu za unga wa chuma, na mwenye ndege anasema mbona inanguruma poa tu. Ongeza pampu za mafuta za umeme, kompyuta moja, betri moja, rejeta unayohangaika pa kuiweka, ukija kupima uzito ule wepesi uliokuvutia haupo tena. Mbili. Kama wewe mwenyewe ni fundi wa kuchonga vyuma na unapenda kukaa gereji kuliko angani, tatu.

Wenye kampuni kubwa nao walijaribu. Porsche waliigeuza injini ya 911 ikaingia kwenye ndege ndogo ya Mooney mwishoni mwa miaka ya themanini, ikafa mapema. Thielert, kampuni ya Ujerumani, wakachukua dizeli ya Mercedes A-Class, wakaipa giaboksi, kompyuta mbili na cheti, farasi 135, inakunywa mafuta ya jeti na inakunywa kidogo sana, wenye Diamond DA42, ndege ndogo ya injini mbili, wakashangilia. Mwaka 2007 kule Speyer, Ujerumani, DA42 iliwashwa kwa umeme wa nje kwa kuwa betri ilikuwa imekwisha, ikapaa, rubani akakunja magurudumu, umeme ukashuka ghafla, kompyuta za injini zikaukosa na injini zote mbili zikazima. Zote mbili! Mwaka uliofuata kampuni ikafilisika. Dizeli ya Austro AE300 iliyokuja kuchukua nafasi nayo ina asili ya Mercedes, farasi 168, na hiyo naipa nne bila kinyongo, kwa sababu walijenga upya kila kilichoizunguka na wakalipa gharama zake, ndo maana nayo si rahisi.

Kwa hiyo ukiona mtu anauza ya gari iliyogeuzwa usimuulize farasi ngapi. Muulize imeruka masaa mangapi ikiwa na giaboksi hiyohiyo, propela hiyohiyo na rejeta hiyohiyo. Akianza kukuhadithia hiyo injini ilivyofikisha kilomita laki tatu kwenye gari, mshukuru uondoke.