Kozi ya kazi za meli za kitalii hapa Mwanjelwa: nimesoma miezi mitatu, haya ndo niliyoyakuta

Watu wamenijazia inboksi maswali kuhusu ile kozi ya kazi za meli za kitalii, basi naandika mara moja kila mtu asome. Jina la chuo naliacha, maana ninachosema kitakufaa hata ukijiunga kwingine. Mimi ni weita, nina miaka minne hotelini pale Soweto ya hapa Mbeya, kwa hiyo sikwenda mweupe kabisa. Darasa lilikuwa jioni, saa kumi na moja mpaka saa mbili usiku, Jumatatu hadi Ijumaa, Aprili mpaka mwisho wa Juni, na mnajua Juni ya Mbeya ilivyo, tulikuwa tunasoma na makoti. Ada laki nne na nusu, unalipa kwa awamu mbili. Tulikuwa 23, wengi wa Mbeya mjini na Tukuyu, wawili wa Kyela, na dada mmoja alitoka Mafinga akapanga chumba kabisa.

Nianze na mwalimu, maana yeye ndo kozi yenyewe. Ni kaka wa Tukuyu aliyefanya kazi melini miaka saba. Siku ya kwanza hakugusa sahani wala kitambaa, aliandika ubaoni namba nne tu: 29.7, 5.8, 31.7, 34.6. Akasema hayo ni mamilioni ya abiria wa meli za kitalii duniani, mwaka 2019, 2020, 2023 na 2024, kwa hesabu za CLIA, chama cha kampuni za meli hizo. Hiyo 5.8 ndo korona. Alikuwa melini Februari 2020 walipoanza kusikia habari za meli ya Diamond Princess iliyozuiwa Yokohama, Japani, na watu 3,711 ndani na zaidi ya 700 wakaambukizwa, ikafika Machi kampuni zikasimamisha safari, abiria wakashushwa, wafanyakazi wakabaki. Yeye alikaa miezi mitatu ndani ya meli haina mgeni hata mmoja, hakuna bandari inayowapokea, mama yake huku analia kila akipiga simu. Alipofika nyumbani akaapa harudi tena, na kweli hajarudi, ila akasema ile 34.6 imemfanya aanze kufundisha maana watu wamerudi kupanda kwa wingi kuliko hata kabla ya ugonjwa, na meli mpya zinahitaji mikono. Nilikaa kimya kabisa siku ile. Sijawahi kuona namba nne zikaelezewa vile.

Na meli zenyewe jamani. Icon of the Seas iliyoanza safari Januari 2024 kutoka Miami inabeba abiria mpaka 7,600 na wafanyakazi 2,350. Chukua basi la Dar la siti 60, hao abiria ni mabasi 126 na wengine wanabaki stendi. Wote wanakula asubuhi, mchana, jioni, na katikati hapo wanakula tena. Ndo maana kozi ilianzia jikoni na usafi, na hapo ndo nawapa alama zote bila kusita. Marekani wanakagua usafi wa meli zinazoingia bandari zao kwa alama 100, ukipata 85 kushuka chini umefeli, na matokeo yanatangazwa. Mwalimu akatukagua hivyohivyo kila Ijumaa. Chakula cha moto kisishuke chini ya nyuzi 57, cha baridi kisizidi 5, alikuwa anachomeka kipimajoto kwenye supu mbele yako. Kidole gumba kikigusa ndani ya sahani umepoteza alama. Sababu ni kile kirusi cha kuharisha na kutapika, norovirus, kikiingia kwenye bafe ya watu elfu saba kinasambaa kama moto wa nyika, ndo maana wakihisi kipo wageni hawajipakulii tena, wanapakuliwa. Mimi niliyekuwa najiona mzoefu nilipata 71 mara ya kwanza. Mwezi wa tatu wa kozi nikapata 94, na bosi wangu hotelini ameona tofauti, amenihamishia bafe ya semina.

Alitufundisha pia kuuliza mzio wa chakula kabla mgeni hajaagiza. Zamani watu walijua meli hizi ni za wazee waliostaafu, siku hizi asilimia 36 ya abiria hawajafika miaka 40, wanakuja na watoto, mwingine karanga zinamuua, mwingine ngano. Hausikipingi nayo nzuri, kutandika kitanda kwa dakika chache na kukunja taulo liwe tembo, niliipenda ingawa sio fani yangu. Kiingereza cha mezani ni kile cha kusema mbele za watu mpaka aibu ikuishe, sio cha kukariri.

Sasa kasoro. Tangazo lao linasema ukimaliza uko tayari kupanda meli. Sio kweli, na hili ndo limeniuma kuliko yote. Kupanda meli unahitaji mafunzo ya msingi ya usalama ya kimataifa, yale ya STCW, yaani kujiokoa majini, kuzima moto, huduma ya kwanza na usalama wa kazi, na hayo yanatolewa na chuo kilichoidhinishwa, kwa hapa nchini watu wanaenda Chuo cha Bahari Dar, DMI. Cheti cha Mwanjelwa hakichukui nafasi yake. Sisi tulifundishwa kuvaa boya sakafuni darasani, bwawa hakuna. Mwalimu alijitahidi, alitupulizia filimbi mara saba fupi na moja ndefu, ile ishara ya dharura, tukakimbilia uani kwenye baridi tukapanga mistari, akatusimulia meli ya Costa Concordia ya Italia ilivyogonga mwamba Januari 2012 wakafa watu 32, na baadhi ya abiria walikuwa hawajafanyishwa zoezi lolote toka wapande. Tulielewa uzito wake. Lakini kuelewa sio kuogelea, na nusu ya darasa letu maji mengi wanayoyajua ni ya Ziwa Ngosi kwa kuyatazama toka juu. Chuo kingesema mapema, watu wangepanga bajeti. Dada wa Mafinga alilia alipojua kuna ada nyingine na nauli ya Dar na pa kulala.

Kingine, wiki ya mwisho akaletwa wakala, kavaa vizuri, akasema ana koneksheni na kampuni kubwa, kila mtu atoe milioni moja na laki mbili ya kuunganishwa. Hapa naomba msome polepole. Mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa 2006, ambao Tanzania tumeuridhia, unakataza wakala kumtoza baharia hela ya kumtafutia kazi. Unachoruhusiwa kulipa mwenyewe ni cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti. Basi. Mwalimu alisimama akayasema hayo mbele ya yule wakala, na uongozi ukamnunia, mimi namheshimu mpaka leo. Wenzetu wawili walikuwa wameshatoa, mpaka naandika hivi simu ya yule mtu haipatikani.

Kwa nini nalisemea sana? Kwa sababu nilimuuliza mwalimu, hii biashara inayoingiza shughuli za dola bilioni 168.6 kwa mwaka 2023 na ajira milioni 1.6, Mbeya inapata nini? Sisi tuna parachichi za Rungwe, tuna mchele wa Kyela, tuna chai. Akanijibu kwa upole kwamba meli hujaza stoo zake kwenye bandari kubwa inapoanzia safari, Miami au Barcelona, kwa oda za makontena, ikipita Zanzibar siku moja abiria analala humohumo anakula humohumo, anayepata ni dereva wa teksi na mtembeza wageni na mama wa viungo. Hela nyingine nyingi iko kwa wanaounda meli, Turku Finland, Saint-Nazaire Ufaransa. Kwa hiyo kipande pekee cha ile hela kinachoweza kupanda mlima mpaka huku ni mshahara wa mtoto wetu, mkataba wa miezi sita mpaka tisa bila siku nzima ya mapumziko, kisheria anapumzika angalau masaa kumi kwa siku, na sehemu kubwa ya kipato ni tipu. Akila wakala hapo katikati, basi hakuna kilichofika.

Kwa ujumla mafunzo ya mezani na usafi nawapa nyota tano, ukweli kwenye tangazo nyota moja, nimeweka tatu na nusu kwa sababu ya mwalimu. Kama unataka kazi ya hoteli tu, nenda, inalipa hata bila bahari, mwenzetu mmoja keshapata lodji Iringa inayopokea wageni wa Ruaha. Kama unataka meli, uliza kwanza STCW utaisomea wapi na kwa shilingi ngapi kabla hujatoa hata mia.

Mimi pasipoti ninayo, naenda Dar Septemba kusoma hiyo STCW, nitakaa kwa shangazi Mbagala na nimeshamwekea mchele debe moja. Daftari langu la Kiingereza cha mezani na yale maswali ya mzio nimeliacha kwenye steshenari ya mama Gwakisa karibu na soko, kafotokopi tu, ukimaliza lirudishe wenzako nao walikute.