TAHADHARI: Tiketi ya "moja kwa moja" Mbeya–Lusaka, na kijana wa Tunduma anayekuita kwa jina lako

Jamani, siku nne nimeshindwa kuandika kwa aibu. Leo naandika kwa hasira, kwa sababu jana nimesikia kwamba mama aliyenitapeli stendi ya Mbeya bado yupo palepale, anaendelea kuuza tiketi. Safari yenyewe ni ya kutoka Mbeya kwenda Lusaka, Zambia, kwa basi, nimeisema tangu mwaka jana, na kwa nini sikupanda treni ya TAZARA nilishaeleza. Niende kwenye wizi moja kwa moja.

Mbeya, stendi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Wapiga debe walinizonga kama kawaida, mmoja kashika mkanda wa begi langu la mgongoni, mwingine ananivuta mkono. Mama mmoja mtu mzima akawafukuza. "Mwacheni mtoto wa watu!" Wakaniacha. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanipa kiti cha plastiki nikae. Ana meza, ana kitabu cha tiketi chenye nembo, ana kitambulisho shingoni. Akaniuliza naenda wapi, nikasema Lusaka. Akasema basi lao haliuzi kiti Tunduma, ukifika mpakani bila tiketi utalala hapo, bora ukate hapa ya moja kwa moja: gari dogo mpaka Tunduma, unavuka mpaka, basi kubwa linakusubiri Nakonde, upande wa Zambia, saa tisa. Kiti namba 14, dirishani. Laki moja na arobaini.

Mnaweza kuniuliza, kwa nini ulimwamini? Nilimwamini kwa sababu alinitetea. Nilimwamini kwa sababu ni mama wa rika la mama yangu, na kwa sababu alinikataza mwenyewe nisitoe hela hadharani, akaniambia nitume kwa simu ili kubaki na ushahidi. Tapeli gani anakuambia ubaki na ushahidi? Ndivyo nilivyowaza. Akaandika jina langu lote kwenye tiketi, akanipiga picha, akasema anamtumia kijana wao wa mpakani asinipoteze.

Na kweli. Nashuka Tunduma, sijaweka hata begi mgongoni, kijana wa makamo ya miaka ishirini na tano, koti la kung'aa, karatasi mkononi, ananiita kwa majina yangu mawili. "Dada, karibu, kiti namba 14 sio? Mama kanipigia." Wale wabadilisha hela na waendesha bodaboda waliokuwa wananikimbilia, akawaambia huyu ni mgeni wangu, wakaondoka. Nilijisikia nimefika kwa ndugu. Nikimkumbuka akitabasamu pale natetemeka mpaka sasa.

Saa ya simu yangu ilikuwa saa nane kasoro dakika kumi. Akaniambia: "Dada tukimbie, Zambia wako mbele saa moja, kule ni saa tisa kasoro kumi." Nikaanza kukimbia na begi la kilo kumi na sita. Ndiyo maana sikupata nafasi ya kufikiri. Akaniomba pasi na kadi ya njano, ile ya chanjo, akanipangie foleni, nikampa. NIKAMPA PASI YANGU. Akapotea kama dakika tano, akarudi uso umekunjamana: kadi yako ya homa ya manjano ni ya 2013, miaka kumi imepita, imeisha, watakurudisha. Ila kuna mtu wa afya anaweza kuigonga upya, elfu arobaini. Nikatoa. Akarudi na kadi ina muhuri wa zambarau ambao mpaka leo sijui umetoka wapi. Akadai elfu ishirini nyingine ya "ada ya begi". Nikatoa.

Halafu hela. Hapa ndipo panaponiuma zaidi, kwa sababu niliuliza. Alisema kule hawapokei shilingi, nibadilishe kwa jamaa yake aliyekuwa amekaa pembeni kwenye benchi. Nikatoa laki tatu. Yule jamaa akanihesabia: noti sita za juu ni za kwacha 50, zote zinaeleweka. Za chini yake zimeandikwa 50,000. Nikasimama. Nikasema, kaka, hizi mbona zina sufuri nyingi? Hakubabaika hata kidogo. Akasema Zambia iliondoa sufuri tatu mwaka 2013, kwa hiyo elfu hamsini ya zamani ndiyo hamsini ya sasa, ni hela ileile, tai yuleyule, tafuta kwenye simu yako uhakikishe. Nikatafuta! Nikasimama pale jua la utosi nikasoma kwenye simu, nikakuta ni kweli: tarehe 1 Januari 2013, sufuri tatu ziliondolewa, 50,000 ikawa 50. Nikaona huyu mtu mkweli kabisa. Nikafunga bunda nikaweka mfukoni.

Nilichokuwa sijasoma, kwa sababu kijana alikuwa ananivuta mkono tukimbie, ni mstari unaofuata: noti zile za zamani zilikoma kutumika madukani katikati ya mwaka huohuo wa 2013. Nilikuwa nimenunua makaratasi.

Pasi alinirudishia, nashukuru Mungu. Akanielekeza kwenye jengo la uhamiaji, akasema anatangulia kuzuia basi lisiniache. Sikumwona tena. Ndani nikapata muhuri wa kutoka na wa kuingia katika jengo hilohilo moja, bila kulipa chochote. Ofisa wa afya akaangalia kadi yangu, akauliza huu muhuri wa pembeni ni wa nini. Nikanyamaza. Akaniambia tangu Julai 2016 chanjo ya homa ya manjano ni ya maisha, kadi haiishi, hata iwe ya miaka ishirini.

Nikatafuta ofisi ya basi Nakonde. Wakaitazama tiketi yangu, wakaitana, wakasema hawana wakala yeyote Mbeya anayewauzia. Kiti namba 14 kilikuwa na baba mmoja na mtoto wake. Ukutani kuna saa: saa saba na nusu. Yangu ilisema saa nane na nusu. Zambia wako NYUMA saa moja! Sikuwa na haraka yoyote. Nilikuwa na muda wa kutosha, na mtu akaniibia huo pia. Nikatoka nje kununua laini, dada muuzaji akaigeuza noti yangu mara mbili, akaniangalia kwa huruma, akasema, "Dada, hii si hela." Nikakaa chini palepale nikalia mbele za watu.

Jumla ni laki tano. Nililalaje usiku ule na nilifikaje Lusaka, dada yangu anajua, sitaki kurudia.

Watu hawa wanastahili kufungwa. Kujipatia fedha kwa udanganyifu ni kosa la jinai, na nitafurahi siku nitakayomwona mama yule kizimbani na kile kitambulisho chake shingoni. Yeye kuliko vijana wote, kwa sababu yeye ndiye aliyenipiga picha na kunikabidhi. Ametumia shikamoo yangu kunipora. Wamfunge, na wamnyang'anye ile meza.

Mnaopita huko, mambo niliyopaswa kuyaona: tiketi iliandikwa kwa kalamu, wakati mabasi yetu siku hizi yanatoa tiketi mtandao. Jina lililotokea nilipotuma hela lilikuwa la mwanamume binafsi, si la kampuni. Nililiona, nikabonyeza namba ya siri hivyohivyo. Kwacha badilisheni benki au kwenye duka lenye leseni. Pasi usimpe mtu. Na mtu kujua jina lako si kitu, mama wa watu kamtumia picha tu!

RB nimefungua polisi, namba ya simu niliyotumia hela nimeiripoti 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu, na malalamiko yameshaandikwa LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu. Polisi wameniambia kesi ya mtu mmoja inasuasua. Kama umewahi kukatiwa tiketi na mama mnene, miwani ya fremu nyekundu, anayewafukuza wapiga debe halafu anakupa kiti cha plastiki, nitumie ujumbe leo. Na kama una picha ya tiketi yenyewe, usiifute. Yangu ni namba 0417, nataka kujua yako ni ngapi.