Ligi Tano Kubwa za Ulaya: Ipi Humfaa Anayetaka Kuuelewa Mchezo?

Mechi za ligi tano kubwa za Ulaya hugongana mwishoni mwa wiki, hivyo mtazamaji hulazimika kuchagua. Tathmini hii inamlenga yule anayependa kujua kwa nini timu imeshinda, si matokeo peke yake.

Ligi Kuu ya Uingereza inastahili sifa yake ya kasi. Waamuzi wake huacha mchezo uendelee pale ambapo wenzao wa Hispania wangepuliza filimbi, na mpira ukipotea katikati ya uwanja huweza kufika langoni kwa pasi mbili tatu. Ushindani wake pia si maneno matupu, kwani Leicester City ilitwaa ubingwa msimu wa 2015/16. Hata hivyo, kasi hiyo huficha makosa mengi, na siku hizi kona na mipira mirefu ya kurusha imepewa uzito mno, hadi mechi kubwa huamuliwa na msongamano mbele ya kipa. Ni halali, lakini haipendezi.

Kwa maoni yangu, Serie A ya Italia ndiyo inayofundisha zaidi. Wanaodai kwamba Waitaliano hujilinda tu wamebaki katika enzi zilizopita. Atalanta ya Gian Piero Gasperini ilikaba mtu kwa mtu uwanja mzima, beki wa kati akimfuata mshambuliaji hadi nusu ya wapinzani, na kwa mtindo huo iliifunga Bayer Leverkusen 3-0 katika fainali ya Ligi ya Europa mwaka 2024, wakati Wajerumani hao walikuwa hawajapoteza mechi hata moja msimu ule. Inter ya Simone Inzaghi, bingwa wa Italia mwaka huohuo, ilicheza na mabeki watatu wa kati, lakini Alessandro Bastoni alipanda kushoto na kupiga krosi kama winga, huku kiungo akirudi kuziba nafasi yake. Kasoro ipo: timu ikitangulia kwa bao moja, mchezo huweza kupoa kabisa.

Bundesliga ya Ujerumani, yenye timu 18, huwapa watazamaji nafasi wazi na mabao, kwa sababu timu nyingi hukaba juu, karibu na lango la wapinzani, na kuacha uwanja mtupu nyuma ya mabeki. Burudani ipo, ila Bayern München ilichukua ubingwa mara 11 mfululizo kabla ya Leverkusen kuukatiza mwendo huo mwaka 2024.

La Liga ya Hispania bado ni nyumba ya wamiliki mpira wenye pasi za uhakika, ingawa Atlético Madrid ya Diego Simeone ilitwaa ubingwa mwaka 2014 na 2021 kwa kutanguliza nidhamu ya ulinzi. Ligue 1 ya Ufaransa ina vijana wenye nguvu na mbio, na PSG (Paris Saint-Germain) kuichapa Inter 5-0 katika fainali ya Ligi ya Mabingwa mwaka 2025 ni hoja nzito dhidi ya uchaguzi wangu. Lakini timu moja si ligi.

Mwenye nafasi ya mechi moja tu kwa wiki achague ya Italia, tena aianze dakika ya kwanza, kwa maana mabadiliko ambayo makocha hufanya baada ya mapumziko hayaeleweki kwa aliyekosa kipindi cha kwanza.